Mwenyekiti aliyeondolewa hana kesi CMA. Mratibu wenu je?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya watu wa sheria za kazi hapa Dodoma. Tuko thelathini na ushee: mawakili, maafisa rasilimali watu, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na walimu wawili wa chuo. Tumesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya. Wiki tatu zilizopita mkutano mkuu ulimwondoa mwenyekiti katikati ya muhula. Hoja iliibuka kwenye mengineyo, tukapiga kura ya kunyoosha mikono, akapigwa chini. Kesho yake kamati ikamwambia na mratibu wetu asije tena, kwa kuwa mwenyekiti ndiye aliyemleta. Mratibu huyo tulikuwa tunampa posho ya laki nne kwa mwezi, na alikuwa ofisini kila siku isipokuwa Jumapili, mwaka mmoja na miezi miwili. Sasa mwenyekiti ameandika kwamba anatupeleka CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kuachishwa kazi isivyo halali. Ana kesi? Na tunaweza kumchagua badala yake mwanachama wetu ambaye ni mwamuzi wa CMA? (Katibu, Makole)

Jibu: Marahaba, Katibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya kwanza nilicheka kidogo, unisamehe. Watu thelathini na ushee wanaokula kwa sheria za kazi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza lile swali ambalo mteja yeyote angeulizwa kabla hajavuta kiti. Nitalifikia. Tuanze na mwenyekiti, maana ndiye anayewanyima usingizi.

Namba za vifungu ninazotaja ni za sheria zilivyotungwa mwaka 2004. Mkiwa na Toleo la Marekebisho, linganisheni wenyewe kabla ya kuandika popote.

CMA haipokei kila ugomvi wa vyeo. Inapokea migogoro ya kazi, na madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yanataka kwanza mtu awe alikuwa mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtambua mwajiriwa kama mtu aliyeingia mkataba wa ajira, au mkataba mwingine wowote wa kumfanyia mwenzake kazi yeye mwenyewe, ilimradi huyo mwenzake si mteja wa biashara au taaluma yake. Mwenyekiti wenu alipewa kiti kwa kura. Nadhani hapati mshahara bali posho ya kikao, ana ofisi yake ya uwakili inayomlisha, na hakuna mtu anayempangia saa ya kufika. Aliyekuwa juu yake ni mkutano mkuu peke yake, na huo ndio uliomtoa.

Hata hivyo msimdharau. Ni mtu wa fani, atakimbilia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi. Kifungu hicho kinataja vigezo saba: namna mtu anavyofanya kazi kuwa chini ya usimamizi wa mwingine, saa zake kupangwa na mwingine, kuwa sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, kufanya kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, kumtegemea huyo mwingine kiuchumi, kupewa vitendea kazi, na kumfanyia kazi mtu mmoja tu. Kigezo kimoja tu kikiwepo, mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwenyekiti atasema: mimi nilikuwa sehemu ya taasisi, tena kichwa chake. Ni hoja ya kusimama nayo dakika kumi. Lakini dhana hiyo inakanushika, na ninyi mna vya kuikanushia: katiba inayosema kiti ni cha kuchaguliwa na kina muhula, muhtasari wa uchaguzi wake, na orodha ya posho za vikao yenye majina ya wajumbe wote waliopokea kiasi kilekile.

Mfano uko hapahapa mjini. Agosti 2024 mawakili walipojaa Dodoma kumchagua Boniface Mwabukusi kuwa rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS), jina lake lilikuwa limeshaenguliwa kwenye kinyang'anyiro na kamati ya rufaa ya uchaguzi, kisha likarudishwa. Lilirudishwa na Mahakama Kuu. Hakuna aliyewaza kwenda CMA, kwa sababu kiti cha rais wa TLS ni uongozi. Walioajiriwa pale ni watendaji wa sekretarieti. Chama kile kilizaliwa na sheria ya mwaka 1954 na chenu kimezaliwa na katiba yenu pamoja na cheti cha Msajili, kwa hiyo njia za mahakamani hazitafanana hatua kwa hatua, lakini mpaka kati ya anayechaguliwa na anayeajiriwa ni uleule. Mngekuwa chama cha wafanyakazi, kile kinachoanzishwa na wafanyakazi wasiopungua 20 na kusajiliwa chini ya sheria ya ajira, mwanachama angeweza kupeleka uvunjaji wa katiba Mahakama ya Kazi. Ninyi mko chini ya Sheria ya Jumuiya, na Msajili wenu yuko Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kwa hiyo CMA hana kesi. Mahakama ya kawaida, hapo sasa naona mnayumba, na kinachowayumbisha ni hayo mengineyo. Katibu, kwenye mengineyo tunajadili maji ya kunywa na rambirambi. Kumwondoa mwenyekiti ni ajenda inayojitegemea: inatajwa kwenye taarifa ya mkutano, inatumwa kwa siku ambazo katiba yenu imezitaja, tuhuma zinaandikwa, na mwenyewe anapewa nafasi ya kujibu. Haki ya kusikilizwa imo kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya nchi, na majaji hawaichukulii kama pambo. Mikono iliyonyooshwa, hata ikiwa yote, haizibi pengo hilo. Itisheni mkutano maalumu, mmwandikie rasmi, mumsikilize, mpige kura upya kwa akidi na kiwango cha kura kilichoandikwa. Akitoka safari hiyo, katoka. Na mabadiliko ya viongozi yapelekeni kwa Msajili. Mpaka hapo, asisaini mtu barua kama mwenyekiti mpya.

Sasa lile swali ambalo hamkuuliza. Huyo mratibu ni nani kwenu?

Mnamwita mratibu na fedha yake mnaiita posho, na nina hakika kuna mtu kwenye kamati atasema alikuwa anajitolea. Miaka kadhaa nyuma nilisimama kwa jumuiya moja, siitaji, yenye maneno hayohayo. Mdai alikuwa kijana, hana wakili, amekuja na mfuko wa rambo. Ndani ya mfuko kulikuwa na kaunta buku la mahudhurio. Alilifungua mbele ya mwamuzi, akaonyesha ukurasa wa Februari: kila siku saa ya kuingia na ya kutoka, na pembeni ya tarehe mbili, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa katibu wa jumuiya: "Umechelewa. Jirekebishe." Chini yake saini. Nilikuwa nimeandaa kurasa sita za hoja kuhusu maana ya kujitolea. Anayejitolea hagombezwi kwa kalamu nyekundu. Mwamuzi alinitazama, nikakaa chini, na mchana wake tulikuwa tunaongea habari za kulipa.

Vipitishe vigezo saba kwa mratibu wenu. Kila siku isipokuwa Jumapili ni kama siku 26 kwa mwezi. Hata kama alikuwa anakaa saa sita tu, ni saa 156. Sheria inadai 45. Kompyuta ni ya jumuiya, meza ni ya jumuiya, laki nne inaingia kwenye simu yake kila mwezi na ujumbe wa muamala anao. Kigezo kimoja kingetosha, yeye anavyo vitano au sita. Ameshapita miezi sita, kwa hiyo ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali unamhusu. Na mkataba wa maandishi, kama hamkumpa, msidhani kutokuwepo kwake kunawasaidia: mwajiri asipoleta mkataba, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unamwangukia yeye.

Sababu mliyompa je? "Aliletwa na mwenyekiti." Sheria inakubali sababu zinazotokana na mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au kutopatana kwake na kazi, na mahitaji ya uendeshaji wa shughuli za mwajiri. Kuletwa na fulani haimo. Na utaratibu haukuwepo kabisa. Nikiwa upande wake, kesi hii ningeipenda.

Ana siku 30 tangu mlipomwambia asije, na kwa hesabu ya barua yako zimebaki chache. Msikae mkiomba zipite. Akichelewa anaweza kuomba kuongezewa muda akiwa na sababu za msingi, na mtu aliyekuwa akiambiwa "subiri kamati ikae" ana sababu nzuri tu ya kueleza. Akijaza Fomu Namba 1, ile ya kupeleka mgogoro CMA, nakala mtaipata ninyi. Hapo mtagundua tatizo lingine: mdaiwa ni nani hasa? Cheti cha Msajili wa Jumuiya peke yake hakiwapi uwezo wa kushitaki na kushitakiwa kama mtu wa kisheria. Uwezo huo huletwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya usajili wa wadhamini. Kama hamna wadhamini, wajumbe wa kamati wajiandae kuona majina yao kwenye karatasi. Wengine wanadhani hilo ni kimbilio, kwamba kesi itakwama kwa jina la mdaiwa. Inaweza kukwama kweli, kisha ikarudi ikiwa imeandikwa vizuri, na ninyi mmeshakuwa kichekesho cha mji.

Mrudisheni kazini. Ndiyo ushauri wangu wa kwanza, na sioni kwa nini usiwezekane: ugomvi wenu ni na mwenyekiti. Mpeni mkataba wa maandishi, mwiteni mfanyakazi, mshahara uitwe mshahara, na NSSF mpeleke asilimia 20 ambayo mngekuwa mmeipeleka tangu mwezi wa kwanza. Hayo malimbikizo yapo hata asiporudi.

Kama mwenyewe hataki kurudi, kaeni naye mezani. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Likizo ambayo hakuchukua ilipwe. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, naye ana mmoja: laki nne gawanya kwa siku 26, ni kama 15,385 kwa siku, mara saba ni 107,692. Na cheti cha utumishi, ambacho watu husahau kwa sababu hakina fedha ndani yake. Hizo ni stahili zake za kawaida tu. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ni juu ya hapo, na ndiyo mtakayojadiliana. Makubaliano yaandikwe, asome, aende nayo nyumbani akaonyeshe ndugu zake, arudi kusaini kesho yake. Msimsainishe wima mlangoni. Na atakayeongea naye asiwe yule aliyemwambia asije.

Kuhusu mwamuzi kuwa mwenyekiti, jumuiya mchanganyiko kama yenu si ajabu. Ile ya Afrika Kusini, SASLAW, inachanganya mawakili wa pande zote mbili, walimu wa vyuo na watu wa vyama vya wafanyakazi, na inaheshimika. Marekani wako NELA, ambao wao wamechagua upande: mawakili wanaowatetea wafanyakazi. Jumuiya yenye sura ya kwanza inaweza kuwa na mwamuzi kama mwanachama bila shida. Uenyekiti mimi ningemwepusha. Wasuluhishi na waamuzi wana kanuni zao za maadili tangu 2007, na uhuru wao kwa pande zote ndio kiini chake. Mji wetu ni mdogo. Nusu ya wanachama wenu wanasimama mbele yake Jumatatu, na Jumamosi atawaongoza kwenye kikao, halafu Jumatatu nyingine upande ulioshindwa unaomba ajitoe. Na kesi ya mratibu wenu ikifika CMA, atakuwa mwenyekiti wa mdaiwa katika ofisi anayofanyia kazi. Mchagueni kuwa mkufunzi wa semina zenu, atafurahi na mtafaidika zaidi.

Barua ya kumwita mratibu nitumie niione kabla haijatoka. Iwe fupi, na neno posho lisiwemo.