Maumivu ya tako na mguu wakati wa kutembea
Ndugu yangu, kwa kuwa umeeleza kwamba maumivu ya mzee wako huanzia takoni na kushuka mguuni kila anapotembea, chunguza kwanza namna yanavyotulia. Yakiisha kwa kusimama tu dakika chache, huenda mishipa ya damu imeziba, hasa ikiwa anavuta sigara au ana kisukari. Lakini yakitulia pale anapoketi au kuinama mbele, kama mtu anayesukuma mkokoteni, yaelekea mfereji wa uti wa mgongo umekuwa mwembamba na unabana neva. Nyonga iliyosagika, kwa kawaida, huuma zaidi kwenye kinena. Akishindwa kuzuia mkojo, au akipata ganzi sehemu za siri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.