Cheni ya gokati: 35 au 219?

Mkuu, umeuliza uchukue cheni ya namba 35 au 219 kwa injini yako ya viharusi vinne, ukisisitiza unataka isiyokatika. Mimi nafunga gokati (vigari vidogo vya mbio) za mashindano, na cheni nyingi ninazoona zimekatika hazikuponzwa na namba. Sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayobeba cheni, hazikuwa kwenye mstari mmoja, au cheni ilikauka mafuta, au ilikazwa kupita kiasi.

Anza na klachi yako. Soma namba iliyo kwenye sproketi yake, kwa sababu cheni hizi haziingiliani. Ya 35 ina milimita 9.525 kutoka pini hadi pini, yaani inchi 3/8 (ile 3 ya mwanzo katika 35 ndiyo inayohesabu sehemu za nane za inchi). Ya 219 ina milimita 7.774. Ukihama, unabadilisha sproketi zote mbili.

Kama uko huru kuchagua na unakwenda kushindana, mimi nachukua 219 bila kusita. Sababu ni uwiano wa gia, yaani meno ya sproketi ya nyuma kwa ya mbele. Sproketi ya nyuma ya 219 yenye meno 80 ina ukubwa sawa na ya 35 yenye meno 65 hivi. Ukiongeza jino moja kwenye ile ya 80, uwiano unabadilika kwa asilimia 1.25, kwenye ya 65 ni asilimia 1.5. Inaonekana ndogo, lakini unapotafuta injini ifike kwenye mzunguko wake bora mwishoni mwa sehemu iliyonyooka ya uwanja, tofauti hiyo unaihisi mguuni. Mwenye injini ya mazoezi tu abaki na 35, inamtosha kabisa.

Cheni yenye oringi (vipete vya mpira) hutunza grisi ndani ya pini na hudumu zaidi, ila ni nene kidogo na inakula nguvu kidogo. Kwa injini ndogo nahofia zaidi nguvu hiyo, hivyo natumia ya kawaida na kuipaka mafuta kila ninapotoka uwanjani, ingali na joto.

Idadi ya pingili (vipande vinavyounda cheni) iwe shufwa. Ikiwa witiri utalazimika kutumia nusu pingili, nayo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Kumbuka ukiongeza pingili mbili, umbali kati ya sproketi unaongezeka kwa pingili moja tu, karibu milimita 7.8 kwa 219, kwa hiyo pima kwanza injini inaweza kusogea kiasi gani kwenye kitanda chake.

Uchakavu upime kwa rula: pingili 100 za 219 mpya ni milimita 777. Zikifika 785, itupe, na ukague meno ya sproketi ya mbele. Yakichongoka kama meno ya papa, nayo ibadilishe, la sivyo itaimaliza cheni mpya haraka. Kilipu ya kiungo kinachounganisha ncha za cheni, upande uliofungwa utangulie kule cheni inakoelekea.