Kabla Hujainunua Ndege ya Zamani ya Jeshi, Kagua Mkia

Mpwa wangu yuko Tabora, anafanya biashara ya asali. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Kuna ndege ndogo ya jeshi, ya wakati wa vita, inauzwa. Imekaa bandani miaka mingi. Mimi na wenzangu wawili tunataka tuinunue, tuifufue hadi iruke. Unasemaje?" Nilimwomba anipe muda, maana jambo hili halijibiki kwa simu. Jibu langu ni hili, na naliweka hapa kwa sababu tangu nirudi Kigoma si yeye peke yake aliyeniuliza.

Nimefanya ufundi wa ndege miaka 19 kwenye karakana za uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege nyingi nilizozishika zilikuwa za kazi za kila siku, lakini iliyonifundisha kuliko zote ni moja: Piper L-4, ile ndege nyepesi ambayo jeshi la Marekani liliitumia kwenye Vita Kuu ya Pili kuelekeza mizinga na kupeleka ujumbe. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Injini yake ni Continental ya nguvu za farasi 65. Haina starta, unaiwasha kwa kuzungusha propela kwa mkono. Tulichanga watu watatu tukainunua. Tulipanga tumalize kwa miezi 14. Ilituchukua miaka 4.

Kosa tulilifanya siku ya kwanza. Muuzaji alikuwa ameipaka rangi upya: kijani ya jeshi, nyota nyeupe ubavuni, kitambaa kimekazwa vizuri kama ngoma. Tukaizunguka, tukapiga picha, tukalipa. Mwezi mmoja baadaye tulivua kitambaa cha nyuma. Nikachukua msumari wa chuma kigumu nilioununua kwa ajili ya kazi hiyo, nikausukuma kwenye bomba la chini, karibu na gurudumu la mkia. Ukazama kama kwenye papai lililoiva. Nikausogeza kiganja kimoja mbele, ukazama tena. Mwenzangu aliyekuwa ameshika taa hakusema neno, aliizima tu akaenda kukaa nje.

Kiwiliwili cha L-4 ni mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa pamoja, kisha yakavikwa kitambaa. Ikiegeshwa inakaa mkia chini. Maji ya mvua na unyevunyevu wa usiku vyote vinatiririkia huko nyuma na kutuama, na kutu mara nyingi inakula kuanzia ndani ya bomba kuja nje. Ukitazama kwa macho unaona rangi nzuri. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, mwombe mwenye ndege akufungulie matundu ya ukaguzi ya nyuma, ingia na taa na kioo cha mkononi, gusa kila bomba la chini kwa ncha. Penye shaka, mlete mtu mwenye kipimo cha mawimbi ya sauti apime unene wa chuma. Muuzaji akikataa, mshukuru uondoke.

Mabomba tuliyaweka mapya, chuma cha aloi cha daraja la 4130 kinachotumika kwenye ndege, na tukamlipa fundi wa kuchomelea mwenye kibali cha kazi za ndege. Nasisitiza hili kwa sababu nawafahamu mafundi wa Mwanga na Kibirizi hapa Kigoma, wana mikono mizuri, lakini bomba la kutengenezea mageti na madirisha haliingii kwenye ndege hata likiwa na kipenyo kilekile. Kila bomba tulilolifunga tulilimwagia kwanza mafuta ya kitani ya moto, tukaligeuza yafike kila upande, tukayamwaga, kisha tukaziba tundu.

Sasa injini. Muuzaji atakuambia, "Tazama, inazunguka," na atanyoosha mkono kwenye propela. Mzuie. Mzuie kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uhai wa mtu. Magneto inatengeneza cheche yake yenyewe bila betri, na swichi inaizima kwa kuipeleka cheche kwenye mwili wa ndege kupitia waya. Waya huo ukikatika, swichi inasoma imezimwa huku magneto iko hai. Yetu ilikuwa hivyo. Mwenzangu aliizungusha propela taratibu kutafuta mahali pa kuanzia kazi, injini ikapiga mara moja, ubao wa propela ukapita mbele ya kiwiko chake. Tangu siku ile sijaigusa propela yoyote bila kuihesabu kuwa ni bunduki yenye risasi.

Sababu ya pili ni injini yenyewe. Imekaa miaka, oili imeshuka yote chini, kuta za silinda zimebaki wazi na zimeota kutu nyembamba. Ukizungusha, ringi zinaikwangua ile kutu na kuiteremsha kwenye beringi. Toa plagi, nyunyizia oili ndani ya kila silinda, iache ikae, chungulia kwa kamera ndogo. Hata ukikuta pazuri, ifungue yote. Mimi sijawahi kuona injini iliyolala miaka 20 ambayo haikustahili kufunguliwa.

Kwetu Kigoma tuna ushahidi mkubwa wa jambo hili. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwenye maelfu ya makasha hadi Dar es Salaam, ikaja kwa reli na kuunganishwa hapa. Iliingia ziwani Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikiwa meli ya vita. Julai 1916 Wajerumani wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa Malagarasi. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine grisi nzito kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, wakakuta mashine zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini. Miaka mingi majini, na kilichookoa mashine ni watu waliochukua muda kupaka grisi saa adui akikaribia. Kwa hiyo ukikuta ndege, swali lako la kwanza kwa muuzaji liwe: aliyeiegesha mara ya mwisho aliilaza vipi? Aliweka oili ya kuhifadhia? Aliziba matundu ya hewa na ekzosi? Kama hajui, hesabu injini kuwa ni chuma chakavu chenye namba, na bei iwe hivyo.

Namba ni muhimu. Ndege isiyo na kibati chake cha utambulisho na logibuku zake, yaani daftari za kumbukumbu za matengenezo, itakutesa zaidi ya ndege yenye kutu, maana chuma kinanunulika na historia hainunuliki. L-4 ina nafuu kwa kuwa ni pacha wa ndege ya kiraia, J-3, hivyo michoro na vipuri vinapatikana hadi leo. Ndege iliyoundwa kwa ajili ya jeshi peke yake ni kesi nyingine kabisa. Nenda TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, ukaulize kwa maandishi watakubali kuisajili kwa masharti gani, kabla hujalipa. Bila namba ya usajili ya Tanzania inayoanza na 5H na saini ya fundi mwenye leseni, umejenga sanamu.

Kuna mabawa ambayo nguzo zake ni za mbao. Zikague kwa makini huko Tabora, kwa sababu mchwa wa Tabora unawajua. Gonga kwa sarafu, sikiliza panapobadilika sauti. Gundi za zamani za maziwa zinaoza zikikaa kwenye joto na unyevu, na mbao inaweza kuwa nzima huku kiungo kimeachia.

Kitambaa ndiyo kazi niliyoipenda. Tulitumia kitambaa cha poliesta badala ya pamba ya asili. Kinakazwa kwa pasi ya umeme, kwanza moto mdogo, kisha hadi nyuzi joto 177 na si zaidi, na pasi yenyewe lazima ipimwe kwa kipimajoto kwa sababu alama za kwenye kitufe chake cha joto zinadanganya. Kushona kitambaa kwenye mbavu za bawa tulimpa mama mmoja fundi cherehani. Tulimwonyesha fundo mara mbili tu. Mishono yake ilikuwa sawa kuliko ya yeyote kati yetu, na mkaguzi aliisifu.

Kwa mafuta, L-4 ina kipimo cha ajabu: kizibo cha gome kinachoelea tangini na waya unaochomoza mbele ya rubani, unaozama kadiri mafuta yanavyopungua. Kibadilishe, kizibo cha zamani kinanyonya petroli na kuzama, nawe utaona tangi tupu au usione kitu. Pipa la petroli ya ndege lilaze ubavu, lisisimame, maji yasituame juu ya mfuniko. Chuja kila lita.

Halafu kumbuka mahali ulipo, mpwa wangu. Uwanja wa Kigoma uko kama mita 820 juu ya bahari, wa Tabora karibu 1,180. Kwenye kimo cha Tabora farasi zako 65 zinabaki kama 57, na jua la saa nane mchana linazipunguza zaidi. Ruka saa moja asubuhi, peke yako, tangi nusu.

Yetu iliporuka mara ya kwanza ilikaa hewani dakika 20 juu ya uwanja uleule. Ilipotua sikushangilia na wenzangu. Nilitoa chujio la oili, nikalikung'uta kwenye kitambaa cheupe, nikapitisha sumaku. Hapakuwa na chembe. Nikalirudisha, nikalifunga kwa waya, nikamwambia rubani anaweza kupanda tena.

Kwa hiyo usitoe hata shilingi ya kushikia. Napanda treni mwisho wa mwezi, nakuja na taa, kioo, na ule msumari.