Muulize Anko: Sikio moja zito, urubani wa jeshi ntaupata kweli?

SWALI: Anko shikamoo. Mi ni kijana wa Morogoro, nimemaliza fomu siksi PCM, ndoto yangu toka utoto ni kurusha ndege za jeshi. Shida ni sikio la kushoto, nikiwa darasa la pili lilikua linatoa usaha, mama akawa ananitia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, likakauka ila mpaka leo simu naweka kulia tu. Mshkaji wangu anasema siku ya vipimo nikaushe nibahatishe. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mshkaji hajawahi kupimwa masikio. Unaingizwa kwenye kachumba kamefungwa kimya kabisa, unavaa hedifoni, mlio unaletwa sikio moja moja, mara mzito mara mwembamba kama mbu, ukiusikia unabonyeza kitufe, sa la kushoto lisipoleta kitu utabonyeza nini? Ukibonyeza ovyo mpimaji anaona umebonyeza na mlio hakuna.

Na hawakuonei. Redioni 5 na 9 za Kiingereza zinachanganya mpaka marubani wanatamka "fife" na "niner", na hao wana masikio mazima! Mi nilikua fundi wa ndege hangani, siku nyingine navivia kuvaa vifuniko vya masikio, leo wajukuu wakiongea nawaambia rudia.

Ila hujaniambia hilo sikio lina nini, na hapo ndo penye kesi yako. Usaha wa utotoni mara nyingi unatoboa ngoma ya sikio, na ngoma inazibika kwa operesheni, usikivu unaweza kurudi. Kama ni neva ya ndani imekufa, hiyo hairudi, jeshini hapo sikudanganyi. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, Muhimbili wapo, omba kipimo cha usikivu na grafu yake. Urubani wa kiraia kimataifa wanataka kila sikio lisipungukiwe zaidi ya desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwenye milio ya hezi 500, 1000 na 2000 (hezi zikipanda mlio unakua mwembamba), wala zaidi ya 50 kwenye 3000. Jeshini wanakaza, Jeshi la Anga la Marekani kwa mfano wanaishia 25 kwenye zile tatu za kwanza.

Alikuwepo Mmarekani mmoja, Calbraith Rodgers, ukoo wa wanamaji, ugonjwa wa utotoni ukamharibu masikio akakosa jeshi la majini. 1911 akawa wa kwanza kuivuka Marekani kwa ndege, New York mpaka California, siku 49, kaanguka njiani mara kibao, kaitengeneza ndege kaendelea. Ila enzi zile bana hakukua na redio ya kumsumbua. Hata leo kwao viziwi wanapata leseni ya kurusha, mradi wakae kwenye anga isiyodai redio.

Sa wahi, maana jeshini umri nao unahesabiwa. Ukipata grafu niandikie kushoto imesoma ngapi. Na mafuta ya nazi yaishie kwenye nywele, ngoma kama ina tundu unayamwaga ndani kabisa.