Saikolojia: uanze na Wundt, Freud au Watson?

Mkuu, umesema unataka kusoma saikolojia ila majina yanakuchanganya hujui uanze na nani. Usikariri majina, fuata ugomvi wao. Wundt alifungua maabara ya saikolojia Leipzig, Ujerumani, 1879, humo unasikilizishwa mlio wa metronomu (kifaa kinachogonga kwa mapigo sawa) halafu unaeleza ulichohisi ndani, sasa watu wawili wakieleza tofauti nani mkweli? Ndo Watson 1913 akasema achaneni na ya ndani, tupime matendo tu, na shule ya tabia ikatawala Marekani miaka kibao. Freud yeye alikuwa Vienna anasikiliza wagonjwa, mi naona anakuzwa mno ila huwezi kumruka. Maslow na Rogers, wale wa saikolojia ya kibinadamu, wasome baadaye. Wale wa utambuzi (jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka), kuanzia miaka ya 1950, kaa nao sana, wamerudi kuchunguza akili ila kwa kupima kumbukumbu na muda mtu anaotumia kujibu.