Pasi kila mtu anayo nyumbani, kazi ya pasi siyo kila mtu anaiweza

Wiki iliyopita nimemaliza kazi ya harusi. Suti za bwana harusi na wasindikizaji wake, kanzu za wazee, vitenge vya kamati nzima, vyote vimepita kwenye meza yangu hapa Magomeni na hakuna nguo iliyorudishwa. Mama wa bwana harusi alinipigia Jumapili kunishukuru, akaniombea dua ndefu mpaka machozi yakanilenga. Niliweka picha chache, na tangu siku hiyo ujumbe hauishi: "Dada, na mimi nataka kuanza, mtaji shilingi ngapi?" Wote wanauliza mtaji. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za kitambaa, na kitambaa ndiyo kazi yenyewe.

Mimi nilianzia Karume, Ilala, kwenye mitumba. Shati likitoka kwenye belo limekunjamana, kola imelala, mikono imejikunja. Muuzaji akilitundika hivyo hivyo, wateja wanalipita au wanataja bei ya kumtukana. Likipigwa pasi kola ikasimama, shati lile lile linapata heshima na bei inapanda. Kati ya bei hizo mbili yuko mpiga pasi, analipwa kwa nguo, anasimama kutwa nzima.

Pasi yetu ilikuwa ya mkaa, ile yenye kijogoo mbele kinachofunga mfuniko. Mkaa unauwasha nje kwanza, unauacha ushike mpaka moshi uishe na cheche zikatike, ndipo unautia kwenye pasi. Kisha unafuta kitako kwa kitambaa kibichi, unakipitisha juu ya jani la mgomba kiteleze, unajaribu kwenye tambara. Yote hayo kabla hujagusa nguo ya mtu. Mzee aliyenifundisha aliwahi kufanya kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichofunguliwa mwaka 1968, na yeye hakuweka pasi juu ya nguo kabla hajaisugua kati ya vidole viwili. Akiona unakimbilia pasi, anakunyang'anya. "Ishike kwanza," anasema, "ujue unaongea na nani." Nilimchukia sana wakati ule. Leo kila nikishika nguo namwombea.

Baada ya Karume niliajiriwa na dobi mmoja mkubwa wa mjini. Jina silitaji. Kuna siku mteja alileta koti lingine la sufu, akauliza lile la kwanza nani alilipiga pasi, maana mumewe alilisifia ofisi nzima. Mwenye duka akajibu, "Mimi mwenyewe." Nilikuwa nyuma yake pale pale, jasho linanichuruzika mgongoni. Mwezi ule ule nikaomba nyongeza, akaniambia pasi kila mtu anayo nyumbani, nisijione. Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma. Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu: usimngoje mtu mwingine akwambie kazi yako ina thamani. Jifunze mpaka uijue wewe mwenyewe.

Sasa tuongee kazi. Nguo ya pamba inanyooka kwa maji, joto na kupoa. Maji na joto vinalegeza uzi, kupoa kunaushikisha pale ulipouweka. Wengi wanajua viwili vya kwanza, cha tatu wanakisahau. Shati lina moto bado, mtu analikunja analitia mfukoni, likifika nyumbani kwa mteja lina mikunjo mipya, na lawama zinarudi kwa dobi. Tundika kwanza lipoe. Na pamba ipige ikiwa na unyevu. Ikikauka kabisa utapoteza nguvu na umeme bure.

Poliesta ni habari nyingine. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, lakini kabla haijafika huko inaanza kulainika na kung'aa, na ule mng'ao kwenye suruali nyeusi hauondoki hata uifue mara ngapi. Angalia lebo ya ndani ina nukta ngapi kwenye kile kipicha cha pasi. Nukta moja ni joto la chini, kama nyuzijoto 110, mbili ni 150 hivi, tatu ni 200 hivi. Lebo ikiwa imekatwa, na mitumba mingi imekatwa, rudi kwenye vidole vyako, kisha anza na joto la chini upande wa ndani wa pindo.

Koti la sufu haliburutwi pasi. Unatandika kitambaa cheupe cha pamba chenye unyevu juu yake, unashusha pasi, unakandamiza, unainua, unahamia pengine. Bega unalivisha juu ya taulo uliloviringisha, maana bega la mtu si bapa. Kanzu yenye darizi kifuani igeuze ndani nje, ilaze juu ya taulo nene ndipo upige, la sivyo nakshi zinalala na kanzu inaonekana ya zamani. Ukiyashika haya mikono ikazoea, hutababaika na nguo ya mtu yeyote, awe mbunge awe konda.

Mtaji nao niuseme, kwa kuwa ndio mnaoutaka. Pasi ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo saa nzima inakula uniti moja na nusu, na kwa bei ya kawaida uniti ya LUKU inazidi shilingi 300. Piga hesabu yako hapo kabla hujapanga bei, usinakili bei ya jirani. Na pasi ya mkaa usiiuze. Mgao wa umeme ulipotubana mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere haijaanza kuzalisha, madobi wengi walikuwa wanafunga mapema. Mimi nilikuwa napiga pasi hadi usiku, na wateja waliokuja kwa shida ile wengi ni wangu mpaka leo. Ila mkaa usiuwashe kwenye chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini.

Nimeshasema na narudia: kitambaa kwanza. Kijana akiniambia amenunua pasi ya mvuke ya laki kadhaa wakati hajui kutofautisha sufu na poliesta, naumia. Fedha hiyo ungekaa na fundi anayejua, ukamsaidia bure hata kwa miezi kadhaa, ungetoka na kitu ambacho hakiharibiki wala hakiibwi. Tunapenda mashine kwa sababu mashine inapigwa picha. Subira haipigwi picha, lakini ndiyo inayoleta mteja mara ya pili.

Jambo la mwisho ni daftari. Nguo ikifika, ikague mbele ya mwenyewe: doa, kifungo kilichokatika, sehemu iliyong'aa, bitana iliyochanika. Andika, msomee, mpe atie sahihi, chukua malipo ya awali. Sachi mifuko yote akiwa amesimama hapo hapo, kwa sababu kalamu moja iliyosahauliwa inatosha kuharibu koti kwa wino pasi ikipita juu yake. Atakayekasirika kwa kukaguliwa nguo zake mwache aende, nguo hiyo ingekuja kukuletea kesi.