Kwa Mliotoka Majini Juzi

Jumapili ile pale ufuo wa Pirates tulichelewa kuanza ubatizo, na najua baadhi yenu mlidhani pasta anazembea. Tulikuwa tunangoja maji yajae. Yakiwa yamekupwa, unaweza kutembea baharini mpaka uchoke na bado yanakupiga magotini, na kumzamisha mtu mzima kwenye maji ya magoti ni kuwachekesha wauza mabuyu walioko ufuoni. Tukangoja. Mkaingia, mkatoka mnatetemeka, kina mama wakawapokea kwa leso, nyimbo zikapanda. Nilifurahi pamoja nanyi. Lakini nimekaa katika kazi hii Mombasa miaka ya kutosha kujua kwamba furaha ile huanza kupungua kama Jumanne hivi, ukishapanda matatu ya Changamwe na makanga akala chenji yako.

Haya ninayowaandikia ni ya kuanzia Jumanne.

Fungueni Luka 3. Watu wamemwendea Yohana wabatizwe, na swali lao ni moja: tufanye nini basi? Siku za kwanza za utumishi wangu nilikuwa naruka majibu yake nikimbilie habari za ubatizo wa moto, kwa sababu huo ndio unaohubirika. Siku hizi nakaa kwenye majibu. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari wasidhulumu mtu, watosheke na mshahara wao. Kila kundi lilipewa jibu la kazi yake. Hakuna aliyeagizwa kufunga siku arobaini, wala aliyeambiwa aache kazi. Hilo la mwisho nililiona nikiwa nimeshachelewa, na mtu aliumia. Nitalifikia.

Nianze na madeni, maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka.

Tulipohamia Kisauni tulipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo kimoja nyuma uani. Pembeni palikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu, mpole, mwenye daftari. Wenye kukopa dukani mnalijua daftari hilo: nyuma kuna jedwali la kuzidisha, pembe za kurasa zimevimba kwa mafuta ya kupima, kila mteja ana ukurasa wake. Wangu uliandikwa "Pasta", na chini yake mstari. Unga, andika. Mafuta ya taa, andika. Sabuni ya kipande, andika. Mwezi ukaisha, sadaka zikawa haba, nikaanza kupita uchochoro wa nyuma nikirudi nyumbani ili nisionane naye. Na Jumapili, spika zetu zikiwa zimeelekezwa barabarani, nikahubiri habari za wakili mwaminifu.

Jumatatu nikamtuma binti yangu akachukue kiberiti. Alirudi nacho, na salamu. "Mzee wa duka anasema amekusikia jana. Anasema sauti inafika mpaka dukani."

Basi, hakuongeza neno. Angenitukana ningepata pa kujitetea. Nilikula ugali ule kama nakula mchanga.

Kesho yake asubuhi nikaenda, nikamwambia ukweli kwamba sina zote. Akafungua daftari, akajumlisha mara mbili: 3,460. Tukapatana 500 kila Jumamosi. Wiki saba, ya mwisho 460. Siku ya mwisho akapiga mistari miwili juu ya ukurasa, akampa mtoto kashata. Mkingoja niseme kwamba aliokoka, mtangoja sana. Hakukanyaga kanisani hata siku moja. Alichofanya ni kuniuliza kama nataka kuchukua unga nilipe mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo wewe uliyebatizwa juzi, kabla hujanunua Biblia kubwa ya zipu, kaa chini uandike wanaokudai. Duka la jirani. Mama wa mahamri na mbaazi. Rafiki wa zamani uliyembloki kwenye simu. Chama ulichokula zamu yako ukahama mtaa. Halafu nenda wewe kabla hujafuatwa. Kama huna, nenda vilevile na useme huna, na utaje siku na kiasi unachokiweza kweli, si kiasi cha kumfurahisha. Paulo anawaambia Warumi wasiwiwe na mtu chochote isipokuwa kupendana. Najua kodi za Mombasa na najua mishahara, sisemi hutakopa tena maishani. Nasema usijifiche.

Na pesa ikiingia kwenye simu yako kwa makosa, irudishe kabla mwenyewe hajaanza kulia. Nimesikia ushuhuda madhabahuni kwamba "Mungu amenitumia 2,000 kutoka namba nisiyoijua". Hapana, ndugu yangu. Kuna mtu hapo Mikindani amekosea tarakimu moja.

Nikiwa hapohapo kwenye simu: msitoe sadaka ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Najua wachungaji wenzangu watanichukia. Ukiwa huna wiki hii, huna. Kaa, imba, rudi nyumbani.

Sasa kazi.

Dada mmoja wa kanisa anauza maharagwe na pojo soko la Kongowea. Alikuja ofisini (ofisi yenyewe ni meza nyuma ya viti vya plastiki) na gorogoro lake la kupimia ndani ya mfuko wa sandarusi, akaliweka mbele yangu kimya. Nikaligeuza. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa ndani, kimeingia kama kiganja cha mtu anayeomba. Juu unajaza mpaka maharagwe yanamwagika, mteja anaridhika, chini amekwishaibiwa. "Pasta, soko zima ndivyo," akasema. Nilimsomea Kumbukumbu la Torati 25, pale Mungu anapokataza mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Hakujibu. Wiki iliyofuata alilipeleka kwa fundi wa bati, likagongwa kitako kikarudi sawa.

Nawaambieni kilichotokea, maana mtaambiwa kingine kwenye mikutano. Faida ilipungua. Ilibidi apandishe bei shilingi kidogo, na wateja wakahamia meza ya pili wanakodhani ni rahisi. Wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi. Jirani zake sokoni walimnunia, kwa sababu gorogoro moja la haki linaharibu hesabu za safu nzima. Siwezi kuwaambia kwamba alilipwa mara saba. Nilipomuuliza kama anajuta alisema halali usingizi wa zamani, analala mpya, kisha akaniuliza kama nitanunua au nimekuja kupiga gumzo tu.

Mlioajiriwa bandarini, kwenye maghala na ofisi za kutoa mizigo, kwenu kipimo si bati, ni faili. Faili linalala mpaka liamshwe na chai. Mara nyingi utakuwa mdogo sana pale kuweza kubadilisha mambo, na sikutumi ukapigane na ofisi nzima wiki yako ya kwanza. Ila mkono wako ni wako. Faili likiwa mezani pako, lishughulikie kwa zamu yake, la tajiri na la yule mzee aliyetoka Taita kufuata trekta kuukuu. Na ukipewa kitu, kirudishe mapema, siku hiyohiyo, tena kwa adabu: "Ahsante bwana, mshahara unanitosha." Haukutoshi, najua. Nao wale askari wa Luka 3 sidhani uliwatosha.

Nimefika kwenye lile nililosema nitalifikia. Kijana mmoja aliokoka akiwa mhudumu wa baa katika hoteli upande wa pwani ya kaskazini. Alikuja kuniuliza afanye nini. Mimi, bila kulala hata usiku mmoja na swali lake, nikamwambia kesho asiende kazini. Akanisikiliza. Alikaa miezi minane bila kazi. Kanisa lilimpa pakiti mbili za unga na maombi mengi. Alifungiwa chumba na mwenye nyumba, akalala kwa rafiki, yule rafiki akachoka naye. Aliporudi kijijini kwao Kaloleni hakuniaga, na sina haki ya kulalamika.

Leo kijana kama yule akija, naanza kwa kumuuliza ana watoto wangapi na kodi ni ngapi. Kisha tunatafuta pamoja: ndani ya hoteli hiyohiyo kuna jikoni, kuna dobi, kuna bustani, kuna mapokezi. Omba uhamisho, andika barua. Huku ukitafuta, usimzidishie mlevi bili, usichukue chenji ya mgeni asiyejua noti zetu, na aliyezidiwa muitie tuktuk. Kama siku ya kuondoka ikifika, uondoke na kanisa likiwa limejipanga, si na pakiti mbili za unga. Na yeyote atakayekuamuru uache kazi kwa sauti ya kinabii, muulize mwezi huu kodi yako atalipa yeye?

Nyumbani sasa. Wengi wenu mnaishi kwenye nyumba kama ile yangu ya Kisauni, na ukuta wa chumba haufiki paani. Ukikemea pepo saa tisa usiku, yule wa chumba cha tatu aliyetoka zamu ya usiku anakemewa pia. Bwana alisema ingia chumbani mwako, ufunge mlango, uombe kwa siri. Aliwajua majirani. Zamu yako ya kuosha choo ikifika, osha na sehemu isiyo yako. Mtungi wa maji ukijazwa na mwingine, usichote kwa jina la Yesu.

Na majirani hao, hapa kwetu, wengi ni Waislamu. Mnaotoka bara hamjazoea, na wengine mmekuja na maneno mabaya mliyofundishwa huko. Yaacheni kituo cha basi Mwembe Tayari. Mwezi wa Ramadhani usikae kibarazani na chapati mchana kutwa kana kwamba unathibitisha jambo. Ukiletewa sahani ya futari ipokee kwa mikono miwili, na usirudishe sahani tupu. Kukiwa na msiba nenda mapema, kwa sababu hawalazi maiti. Ukingoja jioni utakuta wameshazika. Ukifika, beba viti, kaa kimya, toa mchango wako. Pale si mahali pa kugawa trakti za injili.

Mtu akiniambia urafiki wa namna hiyo ni kulegea imani, humpeleka Mkomani, Nyali, kwenye kaburi la Rosina, mke wa mmishonari Krapf. Walifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huohuo Krapf akamzika yeye pamoja na mtoto wao mchanga. Katika mwaka uleule wa msiba alikuwa ameanza kutia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia kuipata lugha alikuwa kadhi wa hapa mjini, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Hebu liangalieni jambo hilo. Neno la Mungu kwa lugha hii mnayosali nayo lilianza kwa Mkristo mgeni kuketi na kadhi wa mji na kumuuliza, hili mnaliitaje? Hakuna kati yao aliyebadili dini. Sheikh alibaki Mwislamu, Krapf alibaki Mlutheri, na sisi tukapata Mwanzo.

Mambo mengine nayapitia haraka kwa sababu mtayapata kwa watu wengine bila hata kuyaomba. Mavazi: jisitiri, usihukumu suruali ya mwenzako. Miziki ya zamani: itaondoka yenyewe au haitaondoka, tutaona. Vikundi vya WhatsApp vya unabii: toka leo. Kufunga: ndiyo, lakini mwenye vidonda vya tumbo na mama anayenyonyesha waniambie kwanza.

Mtaanguka, hilo pia mlijue. Si "huenda". Kuna siku utampigia kelele mkeo mpaka ukumbi mzima unyamaze, kuna siku chai ile utaipokea. Usikimbie kanisa wiki tatu ukingoja aibu ikauke. Njoo wiki hiyohiyo, ukae kiti cha nyuma ukitaka. Mimi nina uzoefu wa kupita uchochoro wa nyuma. Ni mrefu kuliko barabara.

Darasa ni Jumatano saa kumi na mbili na nusu jioni. Wa Likoni tunawangojea kidogo kwa sababu ya feri, na baada ya saa mbili hatukai, ili mvuke mapema. Kila mmoja aje amefikiria jina la mtu mmoja anayepaswa kulipwa naye. Tutaliandika kwenye kipande cha karatasi, na karatasi haitasomwa na mtu, si mimi, si mzee wa kanisa. Utaikunja uende nayo, na Jumatano ya pili nitakuuliza tu kama bado unayo mfukoni. Kalamu nitaleta.